Ufunguo Kwenye Msumari

Wahenga waliposema mshika mbili moja humponyoka, hawakumkataza mtu kujiendeleza. Walionya tu kwamba mikono ni miwili, akili ni moja.

Mhandisi wa kiwanda cha unga alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na vijana aliowafundisha kazi walikuwa wameanza kumpita vyeo. Jambo hilo lilimkereketa. Mwaka mzima aliwaza kama asomee shahada ya uzamili ya biashara, masomo ya Jumamosi, huku kazi ikiendelea. Mkewe alimwambia achague moja, maana Jumamosi ndiyo siku ya kusafisha mitambo. Aliyemtoa wasiwasi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi aliyekuwa chini yake.

“Kasome, shemeji,” alimwambia. “Huku tutaziba pengo.”

Kiwandani palikuwa na sheria isiyo na mjadala. Kabla fundi hajaingia kusafisha ndani ya kichanganyio, mtambo wa kuchanganyia unga, mhandisi huzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake hadi mtu wa mwisho atoke. Muhula wa kwanza aliifuata, akawa anachelewa darasani kila wiki. Muhula wa pili alianza kuutundika ufunguo kwenye msumari ofisini, akashika njia. Mafundi walimaliza mapema, hapakutokea neno, naye akajiona mjanja.

Jumamosi ya mtihani wa mwisho, unga ulikuwa umeganda kama saruji. Zamu ya mchana iliingia shemeji mtu akiwa bado ndani ya kichanganyio, anakwangua. Mwendesha mitambo aliukuta ufunguo ukining’inia. Kwa sheria aliyofundishwa na mhandisi mwenyewe, hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba wote wametoka. Akafungua kufuli, akawasha.

Mhandisi alitoka kwenye mtihani akitabasamu, akawasha simu. Alikuwa amepigiwa mara kumi na tisa.

Baada ya mazishi, alijaribu kumweleza mkewe kuhusu msumari. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, bila chozi.

“Nilikuambia uchague,” alisema. “Umechagua.”

Akarudi kwao.

Mtihani alifaulu vizuri. Cheti kililetwa kwa mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi, katika nyumba isiyo na wa kuonyeshwa. Alikishika kwa mikono yote miwili, akalia. Kweli, mshika mbili moja humponyoka, wala haulizwi ni ipi.