Digidigi na Nakala ya Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikwisha vumbua muhuri na sisi watu balaa hilo bado halijatufikia, Digidigi alipokea barua mbili siku moja.

Ya kwanza ilitoka Chuo cha Nyikani cha Profesa Tembo: wanafunzi elfu nne, lango la mawe, joho jeusi. Ya pili ilitoka Chuo cha Bwawani cha Mzee Kiboko: wanafunzi kumi na mmoja, lango hakuna, ukuta hakuna. Vyote viwili vilimkubali, na vyote vilitaka jibu Ijumaa.

"Nenda kwa Tembo," mama yake alisema. "Joho huonekana toka mbali."

"Mama, kwa kimo chetu hiki? Watu wataona joho linatembea lenyewe."

Mama akacheka. Kisima chao kilikuwa kikavu mwaka wa pili sasa. Digidigi alitaka kujifunza jambo moja tu: kujua maji yalipo chini ya mchanga. Akikosea chuo, angerudi na cheti akamkuta mama hana pa kunywa.

Barua zote mbili zilimwita "mpendwa", na zote zilisema kila elimu inapatikana kwao. Digidigi akawaza: anayekutaka hakwambii asichonacho.

Basi akajitanda ushungi wa mama yake, huyo, tuk tuk tuk, mpaka ofisini kwa Tembo.

"Shikamoo, Profesa. Mimi ni pacha wa Digidigi. Kanituma niseme hatakuja."

"Marahaba. Digidigi yupi?" Tembo hakuinamisha hata kichwa. "Haidhuru. Kujiunga kuna fomu, na kukataa kuna fomu. Nakala tatu: moja ya ofisi, moja ya jalada, ya tatu atie saini mama yake, irudishwe. Bila ya tatu, hajakataa."

"Na akikataa kwa mdomo?"

"Mdomo hauna pa kugonga muhuri."

Akagonga, pu, pu, pu. Digidigi akaacha nakala mbili; ya tatu akaikunja ndani ya ushungi.

Huko bwawani alimkuta Kiboko amezama, macho tu juu.

"Shikamoo, Mzee. Pacha wangu, Digidigi, hatakuja kwako."

"Marahaba, binti." Kiboko akapuliza maji, fuuu. "Inauma kidogo. Angekuwa wa kumi na mbili. Alitaka kusoma nini?"

"Kutafuta maji chini ya mchanga."

Kiboko akainua kichwa chote juu ya maji. "Basi kafanya vyema. Sisi tunafundisha kukaa majini. Kuyatafuta hatujui, maana hatujapata kuyakosa."

"Lakini barua ilisema kila elimu."

"Barua iliandikwa ili aje. Sasa kwa kuwa haji, nisemeje uongo? Aende kwa Tembo, ila si huyo wa ofisini. Nyuma ya jiko lao kuna korongo kavu, na humo yumo Bi Makonge, tembo kizee wa pembe moja. Anachimba kwa mguu, maji yanatoka. Darasa lake halina kiti, ndiyo maana halimo kwenye orodha."

Digidigi akashukuru, aibu ikimchoma. Alipogeuka, Kiboko akaongeza, "Na huo ushungi mrudishie mama yako, pacha. Unaburuza chini."

Ijumaa akasimama tena mbele ya Tembo, uso wazi.

"Nimekuja kuthibitisha nafasi yangu, Profesa."

Tembo akafunua jalada. "Ulikwisha kataa. Nafasi kapewa Nyumbu."

"Nakala ya tatu iko wapi?"

Tembo akapekua jalada, akapekua meza, akainua hata kiti. Digidigi akaitoa. Saini hakuna.

"Bila ya tatu," alisema kwa adabu, "sijakataa."

Tembo akaitazama karatasi, akaitazama kanuni ukutani, aliyoiandika mwenyewe. Kwa mara ya kwanza akainama amwone vizuri.

"Na Nyumbu nimfanyeje?"

"Abaki tu. Nyumbu wako elfu moja humu, nani atagundua?"

"Haya. Utasoma wapi?"

"Korongoni, nyuma ya jiko."

"Huko hakuna fomu."

"Najua, Profesa. Kuna maji, na hayo ndiyo niliyoyafuata."

Muhuri ukalia, pu, na hadithi yangu ikagongwa hapo hapo. Neno la kubeba ni hili: njia muulize asiye na cha kukuuzia.