Jina Lililochapwa Kwenye Mguu

Mficha uchi hazai. Wahenga hawakuona haya kuitunga methali hii, nasi tusione haya kuieleza: anayeisitiri shida yake mbele ya mtu awezaye kumsaidia hubaki nayo mpaka imzeekee. Wapo walioifahamu tangu darasani, wakapata na alama nzuri, na bado wanaficha. Mmoja wao alikuwa Bwana Mipango.

Jina hilo alipewa na dada yake, kwa kuwa kila jambo, hata kununua mkate, alilifanyia mpango. Dada mwenyewe watu walimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu bandia katika karakana ya vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, kioo kirefu na vyuma viwili sambamba vya kushikilia anayejifunza kutembea upya. Cha nyuma kilinuka plasta na gundi, na ukutani ilining'inia miguu iliyowasubiri wenyewe, mingine midogo kiasi cha kumtia mtu simanzi.

Kabla mguu haujatoka, Fundi aliuchapa kwa chuma cha moto nyuma, kwenye shavu la mguu. Alichokichapa ni anwani ya tovuti yao, ambayo neno lake lilikuwa moja tu: Simama. Alikuwa na sababu. Mtoto hukua, mkanda hukatika, goti hulegea. Wateja huhama, simu huibwa, na karakana yenyewe ilikuwa imekwisha kuhama zaidi ya mara moja. Popote alipokuwa, mwenye mguu aliusoma mguu wake, akaandika, akajibiwa.

Sasa, jina la tovuti ni kama chumba cha kupanga. Usipolipia, anaingia mwingine. Kulipia kila mwaka ilikuwa kazi ya Bwana Mipango. Maonyo yalitumwa kwenye barua pepe yake ya zamani, ambayo alikuwa amesahau namna ya kuifungua, naye kila akikumbuka alisema ataishughulikia. Akaishughulikia siku alipofungua tovuti na kukuta maneno haya tu: Jina hili linauzwa. Muda ulikuwa umekwisha, na dalali wa majina ya tovuti alikuwa amelinunua.

Alijikaza kisabuni, akamwambia dada yake kwamba tovuti iko kwenye matengenezo. Fundi, mikono ikiwa imejaa plasta, alimshukuru kwa kuhangaika. Shukrani hiyo ilimchoma kuliko matusi.

Akafanya mpango. Alikata kauli kwamba dalali akijua jina lile lina thamani gani kwao, atawakamua mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo alimwandikia akijifanya muuza viti aliyelipenda neno lile kwa sauti yake tu. Dalali aliuliza swali moja: unalitaka kwa kazi gani hasa? Bwana Mipango akasifu viti vyake ambavyo havikuwahi kuwapo duniani. Bei ikapanda. Akarudi kwa jina jingine, mara hii ana ukumbi wa mazoezi. Dalali akauliza swali lile lile, akapata uongo mpya, bei ikapanda tena. Mwisho dalali akaandika kwamba kuna kampuni ya bahati nasibu inayolitaka jina hilo, na kesho atakata shauri.

Asubuhi ya kesho hiyo, kabla Bwana Mipango hajabuni biashara ya tatu, mlango ulisukumwa kwa gongo. Aliingia mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, mguu wake bandia ukiwa ndani ya mfuko begani, umepasuka kwenye kifundo. Alikaa kwenye benchi akihema. Alieleza kwamba aliisoma anwani, akaifungua, akakuta inauzwa. Alidhani wamefunga. Alizunguka mji mzima kwa magongo akiulizia, hadi muuza rangi alipomwelekeza.

"Mimi nimepata," alisema, akijifuta jasho. "Sijui wenzangu."

Fundi aliupokea ule mguu, akauweka mezani taratibu, kisha akamtazama mdogo wake. Hakuhitaji kuuliza. Bwana Mipango alimwaga yote pale pale mbele ya mwalimu: barua pepe, viti, ukumbi wa mazoezi, bahati nasibu. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka, lakini kila neno lililotoka lilimpunguzia mzigo.

"Kusahau ni kwa binadamu," Fundi alisema. "Kilichoniuma ni mimi kufanya kazi humu nikidhani watu wangu hawana shida. Mpigie huyo dalali."

"Dada, tukimwambia ukweli atatunyonga."

"Piga, mdogo wangu. Nitaongea mimi."

Bwana Mipango siku zote alimfikiria dalali kuwa bwana mwenye kitambi na kiti cha kuzunguka. Ilipokea sauti ya mwanamke aliyechoka, nyuma yake watoto wakigombania kijiko. Fundi alijitambulisha. Alisema wanatengeneza miguu, jina lile limechapwa kwenye kila mguu, wamelipoteza kwa uzembe wao wenyewe, na aliyejiita muuza viti ni mdogo wake. Alisema hawana cha kumshinda mwenye bahati nasibu, isipokuwa hao watu wanaoivaa miguu yenyewe.

Upande wa pili watoto walifukuzwa na kijiko chao.

"Kuna mama aliandika," dalali alisema hatimaye. "Mwanawe ana mguu mwekundu."

"Yule wa mpira!" Fundi alidakia. "Aliutaka uwe rangi ya jezi yake. Wa kulia, chini ya goti. Una nini?"

"Unambana."

"Amekua basi. Mwambie mama yake alegeze mkanda wa juu, na amlete kabla ngozi haijachubuka."

Dalali alivuta pumzi kama mtu anayetua ndoo. Alieleza kwamba tangu alinunue jina lile, barua pepe ambazo wenye miguu bandia walituma kwenye anwani ile zilikuwa zikimwingia yeye kila uchao, naye hakujua awajibu nini. Alisubiri mwenye nalo ajitokeze. Badala yake akaja muuza viti, kisha mwenye ukumbi, na uandishi wao ukawa mmoja, hata makosa yao.

"Nikajua ni tapeli, anataka kuwauzia hewa wale wagonjwa. Ndiyo maana nikawa napandisha bei, achoke aende zake. Ungesema siku ya kwanza, dada yangu, ningekupa siku ya kwanza."

Kampuni ya bahati nasibu ilikuwapo kweli. Aliiambia itafute neno jingine. Kwa Fundi hakutaka zaidi ya kile alichotoa mwenyewe kulinunua, na kabla ya jua la utosi jina lilikuwa limerudi kwao, pamoja na barua zote alizokuwa amezihifadhi bila kufuta hata moja. Fundi alishukuru huku akilia waziwazi. Mwalimu naye akasema amesamehe mji mzima aliouzunguka.

Bwana Mipango alikaa akazijibu barua moja baada ya nyingine. Kila moja aliianza kwa kukiri kwamba kosa lilikuwa lake na kuomba radhi, wala hakuna aliyemtukana. Mama wa mguu mwekundu alikuwa wa kwanza kufika. Mtoto alipita katikati ya vile vyuma sambamba bila kushika, akaenda moja kwa moja kwa Fundi, akamnyooshea mguu.

"Unaniuma hapa," alisema, akagusa mahali penyewe, na Fundi akapiga magoti kumfungua. Bwana Mipango aliyaona hayo kutoka mezani kwake, akainamisha kichwa kwa shukrani, maana mtoto yule alikuwa ameifahamu kuliko yeye methali isemayo: mficha uchi hazai.