Mvua Aliyoisifu Faki

Asifuye mvua imemnyea. Jana arusini mlimsikia mjomba wenu akiitamka, watu wakaangua kicheko, nanyi mkacheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Vyema, kuuliza si ujinga. Kaeni, na mwenye muwa mdomoni atafune polepole, sitaki kushindana na meno ya mtu. Nitawapa kama nilivyopewa na mama yangu. Mwengine ana yake, mkikutana naye mumsikilize pia.

Ilianza kwa mtu aliyekuwa akimtamani mke wake mwenyewe.

Mtu huyo akiitwa Faki, na kwao ni Pemba. Alikuwa na shamba dogo la mikarafuu aliloachiwa na babake, nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na mke aitwaye Mize. Tena alikuwa na ugonjwa wa kutunga mashairi. Nauita ugonjwa kwa sababu ukimshika mtu hasikii akiitwa kula.

Karafuu mnazijua. Zikishachumwa huanikwa juani juu ya majamvi, na mvua ikizikuta hazijakauka huvunda zikageuka nyeupe, hapo tena hazina mnunuzi. Siku moja, karafuu zote za msimu zimeanikwa uani, Mize alikwenda kumsaidia jirani aliyejifungua. Akamwambia mumewe, "Nakuachia majamvi. Itazame mbingu." Faki aliitazama mara moja, akaiona safi, akaenda zake barazani kwa watunzi wenzake. Huko wakashindana beti mpaka matone yakawagonga mgongoni.

Aliporudi mbio alimkuta Mize amekwisha fika, ameroa chapachapa, anayavuta majamvi peke yake. Nusu ya karafuu ilikuwa inaelea. Majirani nao walikuwa wamesimama mlangoni kutazama. Sasa sikilizeni, mtu mwenye haya za kosa lake huwa mkali kuliko mwenye haki. Faki akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mke gani huyu asiyejua kulinda mali ya nyumba?"

Mize aliingia ndani, akavua kanga mbichi, akajifunga kavu, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa wazazi wake, mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Miezi minne ikapita. Faki alikuwa akipika wali wa watu wawili kwa mazoea, akala nusu, iliyobaki ikachacha. Mkeka ambao Mize alikuwa akiushona uliachwa ukutani nusu yake, na kila alipoupita aliugusa. Akisikia ndoo ikigonga kisimani alinyanyua kichwa. Wanawake wote wa mtaani hugonga ndoo namna moja, lakini yeye alinyanyua kichwa kila siku. Alimtamani mkewe kwa namna ambayo hakuweza kumwambia mtu, maana watu wangemjibu kwamba alimfukuza mwenyewe.

Mara mbili alikwenda ukweni. Mara ya kwanza ulimi ulimganda, akaamkia akarudi. Mara ya pili mkwewe, Mzee Shaame, alimzuia barazani. "Mize hataki kukuona," alimwambia. "Ukipata neno la kumwambia, lilete. Mwezi wa Rajabu ukiandama hujalileta, nitakutaka umpe talaka yake. Na mpaka hapo, baraza yangu usiikanyage."

Zamani hizo mtu aliyeshindwa kusema hutunga, kisha humtuma mwimbaji aende akaimbe mlangoni kwa anayehusika. Faki akajifungia siku sita. Alipotoka alikuwa na shairi, na ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

*Mvua neema ya Mola, ishukayo kwa rehema,*
*Lulu zisizo mithala, zimetazo kama chuma,*
*Waridi lililolala, huinuka likavuma,*
*Rudi Mize wangu hala, rudi tena mwana mwema.*

Alilipeleka kwanza barazani kwa watunzi. Wenzake wakapiga makofi. Mmoja alisema hajasikia vina vilivyopangika vile tangu azaliwe. Mwengine akaomba kulinakili ili ampelekee mkewe, abadilishe jina tu. Faki akatoka pale miguu haigusi chini.

Akaona asilitume bila kumsikilizisha Bi Time. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima, msusi wa ukili wa kushonea mikeka, na nyimbo zake ziliimbwa katika kila arusi ya upande ule. Faki alikwenda kusifiwa, hakwenda kusahihishwa. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye.

Bi Time alisikiliza huku vidole vikisuka. Lilipokwisha akamwambia, "Imba tena." Faki akaimba tena.

"Vina vimekaa," alisema Bi Time. "Mizani nimeihesabu, haikuzidi wala haikupungua. Hiyo si kazi ndogo, mwanangu, wapo wanaoitwa malenga na hawaiwezi. Na mstari wa mwisho, hapo unapomwita Mize, una moyo. Huo usiuguse."

Faki akatabasamu, akataka kuinuka.

"Kaa, sijamaliza. Lulu ilimeta kama chuma lini?"

"Hicho ni kina, Bi Time."

"Najua ni kina. Kilikuita nawe ukaitika. Waridi je, umeliona wapi?"

"Sijapata kuliona. Lakini malenga wote hulitaja."

"Basi waachie wao. Na mvua hii unayoiita neema, ilikunyea lini? Mimi naisikia imetoka katika mashairi ya watu. Mvua unayoijua wewe ni ipi?"

Faki alisema kwa sauti ndogo, "Iliyoharibu karafuu."

"Nayo humu haimo. Hebu fikiri, Mize akisikia neno mvua kinywani mwako atakumbuka ipi?"

"Wenzangu barazani wamelisifu," alisema Faki, na sasa sauti ilikuwa imekaza. "Mmoja amelinakili ampelekee mkewe."

"Ndilo ninalokwambia. Shairi linalomfaa mke wa kila mtu, wako atajuaje kuwa anaitwa yeye?" Bi Time akauweka ukili mapajani. "Ningeweza kukusifu ukaondoka umefurahi, na Mize akabaki kwao. Mimi nikiona ukili umepinda naufumua pale pale. Vidole huuma, lakini ukili uliopinda haunyooki kwa kusifiwa."

Faki aliaga kwa adabu, na alipofika njiani adabu ikamwisha. Akasema moyoni kwamba Bi Time amezeeka, tena ana kijicho. Siku ile ile akamwita Rubea, mwimbaji mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, akamtuma ukweni na shairi kama lilivyo.

Rubea alirudi kesho yake, na mtu anayerudi na habari njema hatembei vile.

"Nilipoanza kuimba, Mize alitoka mbio mpaka mlangoni," alisimulia. "Nilipofika ubeti wa pili alikuwa ameegemea nguzo. Nilipomaliza akaniuliza, nani kalitunga? Nikamwambia ni Faki. Akasema, mwambie aliyelitunga ni fundi. Lakini mimi nilitoka mbio nikidhani nitamsikia Faki, na Faki sikumsikia."

"Na mzee?"

"Mzee alisema uliharibu karafuu kwa mvua, na leo umewapelekea mvua nyingine."

Faki aliondoka bila kuuliza zaidi. Zilibaki siku nane Rajabu kuandama. Kilichomuuma si yale ya mzee. Kilichomuuma ni kwamba Mize alitoka mbio. Alikuwa akimngoja kama yeye alivyokuwa akimngoja, akafika mlangoni akakuta lulu na mawaridi.

Asubuhi alikuwa kwa Bi Time. Hakukaa mkekani, alikaa chini kwenye udongo. Bi Time hakumwambia "nilikwambia," na wala hakumpa pole. Alimsogezea kikombe cha uji, akamngoja anywe.

"Mbali na ile ya karafuu," alimwuliza, "iko mvua nyingine unayoijua na Mize?"

Faki alifikiri sana. "Ipo. Lakini si ya kuimbwa."

"Nisimulie, usiimbe."

"Masika ya mwaka tuliooana, paa lilivuja. Mize alikuwa kateleka muhogo, maji yakawa yanaingia chunguni. Tukahamisha mafiga pembe ya pili, kukavuja na huko. Tukahamisha tena, na moto tukauwasha upya kila mara. Mwisho nikasimama na ungo mikononi kukikinga chungu, yeye akawa anakoroga chini yake, na mvua yote ikawa inanimwagikia mimi. Mize akanitazama nilivyo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, ungo ukapinduka, muhogo tukaula na maji ya mvua."

"Hayo mbona hukuyatunga?"

"Ni aibu, Bi Time. Paa bovu ni umasikini. Nani anausifu umasikini wake mbele ya wakwe?"

Faki akaendelea mwenyewe, akitazama chini. "Hakuna nyumba ninayoitamani duniani kuliko ile, siku ile, na paa lake vile vile." Hapo akajifanya anakunywa uji, na kikombe kilikuwa kitupu zamani.

"Haya, nenda katunge hayo," alisema Bi Time, "kabla hujaanza kuyapamba. Ukimaliza uniletee."

Alileta siku ya tatu, beti mbili tu. Wa kwanza ulisema:

*Paa letu lilivuja, mafiga tukahamisha,*
*Pembe moja hadi moja, moto tena tukawasha,*
*Ungo juu nikangoja, mvua ikinirowesha,*
*Ukacheka bila hoja, mvua hiyo yanitosha.*

Bi Time aliurudia mstari wa mwisho taratibu, na safari hii vidole havikusuka. Faki akamwambia, "Mstari wa pili unachechemea, Bi Time. 'Pembe moja hadi moja.' Sikupata neno zuri zaidi."

"Uwache uchechemee. Mtu aliyebeba mafiga ya moto haendi kwa madaha. Nisomee ubeti wa pili."

Ubeti wa pili ulikuwa wa ile siku ya karafuu. Faki alieleza namna zilivyoroa, na majirani walivyosimama, na maneno yalivyotoka. Bi Time akatikisa kichwa.

"Umesema karafuu ziliroa na maneno yalitoka. Ziliroa kwa kosa la nani? Yalitoka kinywani mwa nani? Umejificha nyuma ya karafuu, mwanangu. Toka."

Safari hii Faki hakukasirika. Aliinama pale pale na kalamu yake ya unyasi, akafuta, akaandika, akafuta tena. Jua lilipokuwa utosini mistari ilisimama hivi:

*Karafuu zikalowa, aliyekosa ni mimi,*
*Na lawama ukapewa, kwa ukali wa ulimi.*

"Huyo ndiye Faki," alisema Bi Time. "Mpeleke."

Faki alifuatana na Rubea mpaka karibu na nyumba ya mkwewe. Baraza alikuwa amekatazwa, basi akabaki kwenye migomba ya njiani, kipande cha mbali. Akamsikia Rubea anaanza. Akalisikia paa linavuja, akayasikia mafiga, akajisikia mwenyewe amesimama na ungo mbele ya ukoo mzima wa watu, na haya zikampanda mpaka masikioni. Ubeti wa kwanza ukaisha.

Kisha akasikia kicheko.

Miezi minne hakukisikia, na alikijua kabla hakijakamilika. Lakini hakujua ni cha namna gani, maana mtu huchekwa na mtu huchekewa, na kwa mbali ni sauti ile ile. Faki akashika mgomba kwa mikono miwili. Ubeti wa pili ukaimbwa, na baada yake hakusikia kitu. Alisubiri pale, na sijui kama amewahi kungoja tena namna hiyo maishani mwake.

Rubea alirudi anatembea polepole, anajifuta jasho.

"Sema," alisema Faki.

"Ngoja nilipange, nisipoteze neno. Nilipomaliza, mzee alikasirika. Alisema, 'Mtu gani anasifu kuvujiwa? Paa bovu, mgongo umeroa, chakula kimeingia maji, naye anasema mvua hiyo inamtosha. Huyu ana wazimu au anatudhihaki.' Watu wote barazani wakamuunga mkono."

"Na Mize?"

"Mize alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, anayafuta kwa upindo wa kanga. Akamwambia babake, 'Baba, hana wazimu. Asifuye mvua imemnyea. Huyu ilimnyea mgongo mzima, mimi nilikuwapo.' Mzee akanyamaza. Kisha Mize akaniuliza mimi, 'Lile paa, amekwisha liezeka?' Nikamwambia sijui, lakini nilipopita juzi niliona mwanga unaingia."

Faki aliuachia mgomba.

"Akasema, 'Mwambie asiliezeke mpaka nije.'"

Na kabla ya Rajabu kuandama alikuja. Watu waliokuwa barazani siku ile wakalichukua neno lake, wakaenda nalo majumbani na sokoni, mpaka likatufikia sisi tusiomjua Mize wala Faki. Ukimwona mtu anasifu jambo ambalo wewe hulioni uzuri wake, usikimbilie kumcheka. Yeye alikuwapo, wewe hukuwapo. Asifuye mvua imemnyea.