Jiwe Lililosaga Pasipo Nafaka

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut aliishi mwanamke mchamungu akiitwa Rababu, binti wa msagaji unga, pamoja na mumewe Hatim. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa nia moja, ya kuhiji, wakailea miaka kumi na mitano. Kila alasiri Rababu aliketi kwenye kitanda chake cha kufumia nguo, na mwaka wa mwisho alifuma kwa mikono yake shuka mbili nyeupe za ihramu ya mumewe.

Siku nane kabla ya msafara kuondoka, Hatim alishikwa na homa. Siku ya tatu akafariki, na shuka zile zile ndizo alizokafiniwa nazo.

Nuuman, kaka yake Rababu, ambaye naye alikuwa msafiri, alimjia na huruma tele na busara chache.

"Dada yangu, eda ya mjane kukaa ndani ni miezi minne na siku kumi, na msafara hautakungoja. Viongozi wake ni wageni, hawajui Hatim kafa lini. Tuwaambie alitutoka mwaka jana. Mimi ni maharimu wako, ndugu wa damu unayeruhusiwa kusafiri naye, twende."

Tusimfanye Rababu malaika: alitamani, tena alitamani sana. Kisha akasema, "Wao hawajui, kaka. Yule ninayekwenda kuwa mgeni Wake anajua. Nikabishe hodi kwa uongo?"

Nuuman akainamisha kichwa, akaenda zake.

Asubuhi ya safari Rababu aliisikia talbia ya mahujaji ikipita njiani, ikafifia, ikatoweka. Akaangua kilio. "Ya Rabbi," akasema, "umenikataa?" Swali hilo ndilo lililomtafuna. Kufiwa alikustahimili, kwa kuwa kila nafsi itaonja mauti. Kukataliwa hakujua akupokee vipi.

Siku za eda zilikuwa ndefu. Alijikuta akipika chakula cha watu wawili. Alitandika mswala wa Hatim mbele ya mswala wake, akaukunja tena. Kitanda cha kufumia hakukigusa. Pembeni yalikaa magunia mawili ya masurufu ya safari, lake na la Hatim, yenye tende na unga wa shayiri, naye alipita akiyapa mgongo.

Wiki ya tatu, alasiri, nyumba ikiwa kimya kabisa, alisikia jiwe la kusagia likizunguka upande wa pili wa ukuta. Huko aliishi Bi Wardi, ajuza mjane, ambaye kwa miaka yote walisalimiana naye tu njiani. Rababu alikulia kwenye sauti ya mawe ya namna hiyo, na sauti hii haikumkaa sawa. Jiwe lenye nafaka hunguruma. Hili lilikwaruza. Akalisikia tena siku ya pili na ya tatu.

Akasogea kwenye tundu lililokuwa katika ukuta huo. "Asalaam alaikum, mama. Unasaga nini?"

"Alaikumu salaam. Nasaga shayiri, mwanangu."

"Mama, mimi nimezaliwa kwenye unga. Jiwe lako halina kitu."

Jiwe likasimama. Sauti ya ajuza ikaja, nyembamba. "Nisiposaga, watu watajua sina. Kila mwaka kabla ya mavuno huwa hivi. Wewe ulikuwa na kelele za kitanda chako, nikajua hutasikia kwamba jiwe ni tupu."

Rababu aliona haya, haya kubwa kuliko ya yule ajuza. Akafungua gunia la Hatim, akajaza bakuli, akalipitisha tunduni. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walikula pamoja, kila mmoja upande wake wa ukuta. Msiba haukuondoka, na usiku bado ulikuwa mrefu. Ila sasa palikuwa na mtu wa kumwambia, "Umeamkaje?"

Eda ilipokwisha, mahali pa kwanza alipokwenda ni kwa jirani. Palikuwa na hatua kumi na nne toka mlango hadi mlango. Safari ya Makka aliipanga miaka kumi na mitano; hii hakuwahi kuipanga hata siku moja.

Mwaka uliofuata alikwenda kuhiji pamoja na Nuuman, na Bi Wardi akawasindikiza kwa dua. Waliposimama Arafa, Rababu alimwombea Hatim akilia. Nuuman akamuuliza kwa upole, "Dada, bado unadhani mwaka jana ulikataliwa?"

Akafuta machozi. "Sikukataliwa, kaka. Niliambiwa nisubiri, jirani yangu hajala."

Ewe ambaye msafara wako umeondoka ukakuacha, lia, hakuna dhambi katika machozi. Ukishalia, tega sikio ukutani.