Kimo Halali cha Tumbo la Gari

Shauri Namba Saba la Ofisi ya Ukaguzi wa Magari, Nyikani: Kuhusu Kimo Halali cha Tumbo la Gari Lipitapo Juu ya Tuta.

Hadithi inakuja.
Ije, njia iko wazi.
Njiani pana tuta.
Basi ije polepole.

Hapo kale, ila si kale sana kwa kuwa magari yalikuwapo, Kiboko alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Magari. Mbele ya lango la ofisi yake alijenga tuta nene kama ngiri aliyelala, akalitungia sheria ya mstari mmoja: gari likikwama hapa, ni mali ya atakayelinasua. Ilikuwa sheria ya haki kabisa. Haikumtaja Kiboko popote. Ilitokea tu kwamba nyika nzima hakuna mwingine aliyeweza kuinua gari.

Likaja gari la Swala, limeshushwa chini kwa urembo. Tumbo likalia kwaruuu, likakwama. Kiboko akatoka, akainua, akachukua. Likaja la Nungunungu, rimu zinameta. Kwaruuu. Kiboko akatoka, akainua, akachukua. Likaja la Nguchiro, limelemewa na vyuma.

Nguchiro alikuwa fundi. Gari lile alilijenga miaka minne, mlango kutoka huku, injini kutoka kule, na rangi ya chungwa akaikoroga kwenye sufuria ya mkewe, jambo ambalo mke hajalisamehe mpaka leo. Ndilo lililombebea vyuma vya kazi. Bila gari, hakuna kazi.

Kwaruuu. Kiboko akatoka, akainua, akachukua.

"Mheshimiwa, huo ndio ugali wa wanangu," akasema Nguchiro.

"Andika barua."

Nguchiro akaandika. Kobe, karani wa ofisi, akaipokea kwa heshima, akaigonga muhuri, akailaza juu ya barua ya Nungunungu, iliyokuwa imelala juu ya barua ya Swala.

Wiki ya pili Kiboko akaingia karakana kwa Nguchiro, akiendesha gari lilelile la rangi ya chungwa.

"Fundi, Jumamosi natoka nalo watu wanione. Nataka lilale chini kama mamba."

"Limeshalala, Mheshimiwa."

"Mamba huyu kainua shingo. Lishushe."

Nguchiro akakata springi, kri kri kri. "Hapo je?"

"Lishushe."

Kri kri kri. "Hapo je?"

"Lishushe. Na bomba la moshi nataka lenye sauti, majirani wajue nimeamka. Na kile kiti cha mashindano, chenye mikanda minne."

"Kiti hicho kinabana, Mzee."

"Kwani nimekuomba kitanda?"

Kazi ikaisha. Nguchiro akafuta mikono. "Sasa, Mheshimiwa, na tuta?"

"Gari lipimwe kwa kanuni," akasema Kiboko, kwani kanuni alizipenda zikiwa zake.

Akaja Kobe na kamba yake. Kanuni ilisema gari hupimwa likiwa tupu. Kobe akapima, akapima tena. "Linapita," akasema. "Nafasi ni vidole viwili. Lakini dereva akishaingia..."

"Karani," akasema Nguchiro, "fomu ina sehemu ya dereva?"

Kobe akaigeuza fomu mbele, akaigeuza nyuma. "Haina."

"Basi tusimwongezee Mheshimiwa mambo."

Kiboko akatia sahihi.

Jumamosi wanyama wakajaa langoni. Kiboko akaingia garini. Gari likaugua nyiiii. Nguchiro akamfunga mikanda, ka, ka, ka, ka. Bomba likanguruma bu-bu-bu-bu. Gari likaenda hatua tano.

Kwaruuu.

"Si utoke uliinue, Mheshimiwa," akasema Swala.

Kiboko akajaribu kutoka. Kifungo cha mikanda kilikuwa chini ya tumbo lake, na tumbo lake halikuwa na mpango wa kuhama.

"Nifungulie, fundi."

"Nakufungulia, Mzee. Karani atusomee sheria kwanza, tusije tukaivunja."

Kobe akasoma. Alisoma kama anavyotembea, wengine wakaketi. "Gari... likikwama... hapa... ni mali... ya atakayelinasua."

Nguchiro akaleta jeki ndogo isiyozidi kichwa cha Kobe. Kiii-ka. Kiii-ka. Kiii-ka. Gari likapanda, na Kiboko ndani yake akapanda.

"Hiyo si nguvu," akasema Kiboko huko juu. "Hicho ni chuma."

"Karani, sheria ina neno nguvu?"

Kobe akaigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma. "Haina."

Nguchiro akapanga mbao chini ya magurudumu, akalegeza jeki, akasukuma kidogo. Gari likashuka upande wa pili. Ndipo akakata mikanda, akamshika Kiboko mkono kama bibi harusi, akamteremsha.

"Haya, tulibomoe tuta hili," akasema Nungunungu.

Nguchiro akafuta jeki yake taratibu. "Tuta limekukosea nini?"

Nimefika, injini nimeizima.
Na aliyepanda ashuke.

Funzo lake ni hili: sheria haina mkubwa wala mdogo, na haki ikichelewa hatimaye huwafikia wote.

Ilivyokuwa hasa: Nguchiro alipata gari lake. La Swala na la Nungunungu yako bado uani kwa Kiboko, tuta liko palepale, na siku hizi gari likikwama huja Nguchiro na jeki, akalinyanyua, akaenda nalo.