Oili ya Liwali Hamdun

Palikuwa na Liwali, Hamdun bin Sefu, mwenye gari kuukuu na kiburi kipya kila asubuhi. Msikiti ulipakana na baraza lake, lakini Ijumaa hakwenda ila kwa gari, ili watu wamsimamie. Firauni naye alipenda kusimamiwa, enyi waja, bahari haikumsimamia.

Basi gari likaanza kunywa oili. Leo kopo, kesho kopo. Liwali akachungulia uvunguni: mchanga mkavu, hakuna tone. Akamwita dereva wake, Faki Shaame, maskini wa kila kitu isipokuwa ulimi, akamhukumu mbele ya wazee wa mji.

"Umeiba! Oili yangu yote inirudie kabla ya adhana ya Ijumaa, ama utaozea gerezani."

 Nyumbani Faki alikuwa na mama kipofu; yeye akifungwa, nani angemtia mzee yule tonge kinywani? Lakini Mola aliyemtoa Yunus katika tumbo la samaki hakumnyima Faki maneno.

"Sijaiba, Liwali. Inaungua."

"Inaungua! Kwani gari langu ni Jahanamu?"

"Hasha. Jahanamu huingia wenye makosa. Oili haina kosa. Ringi za pistoni zimelika, zinaipenyeza mpaka panapowaka petroli, nayo inateketea humo humo."

"Gari langu halichoki!"

"Limekubeba tangu ulipokuwa mwembamba, Liwali. Lihurumie."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Liwali akapiga bakora chini.

"Sitaki darasa, nataka oili!"

"Utaipata," Faki akajibu. "Ila Mwenyezi Mungu ameamrisha amana wakabidhiwe wenyewe. Uje mwenyewe kuipokea."

"Nije na debe?"

"La, njoo na taqwa."

Ijumaa ikafika. Liwali akatoka na kanzu nyeupe pe, kilemba cheupe, ndevu zimechanwa na kutiwa udi. Wazee wakajipanga ukutani. Faki akainama kwa adabu, akamwonyesha mahali pa kusimama: nyuma ya gari, hatua moja tu kutoka kwenye bomba la ekzosi.

"Hapa, Liwali. Usisogee, isije ikapotea hata chembe."

Tamaa, ndugu zangu, humpofua mtu na macho yake yakiwa wazi. Akasimama kama mlingoti, akakinga viganja.

Faki akapanda, akamtaja Mola, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likanguruma. Likatoa moshi mzito wa buluu, moshi wa oili iliyoungua, ukamfunika Liwali asionekane kichwa wala miguu. Ulipotawanyika, wazee walimwona Hamdun bin Sefu amesimama na viganja vyake vile vile, kanzu ina madoa ya masizi, na ndevu zinang'aa kwa utelezi.

"Mwanaharamu! Umenifanya nini?"

"Nimetii hukumu. Oili yako imekurudia, na wazee ni mashahidi."

"Huu ni moshi!"

"Pangusa ndevu, Liwali, ufikiche vidole."

Liwali akapangusa. Akafikicha. Vidole vikateleza. Akawatazama wazee, wazee wakatazama mbingu. Ndipo akapaza sauti mpaka mwadhini akachungulia dirishani:

"Hii si oili yangu!"

Faki akashuka garini, akamnyooshea mkono.

"Kama si yako, Liwali, basi nirudishie."