Mmoja wa Kuondoka na Limi

Sogeeni karibu, maana sauti yangu leo haifiki mbali. Nina kesi iliyonichosha, nami nataka kuitua mikononi mwenu.

Kwenye machimbo ya kokoto upande wa Shinyanga, watu wanne walivunja mawe pamoja miaka sita. Limi alikuwa na mbio. Masele alijua kumpandisha mtu mori. Mama Nyamizi alijua kumtuliza aliyetaharuki. Ndekeja alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akisema jambo, unaliamini. Kazi ilikuwa imewamaliza: Masele jicho moja limeharibiwa na kipande cha jiwe, Mama Nyamizi kifua kinambana, Ndekeja vidole vitatu havikunjiki tena.

Klabu moja ya mjini ikatangaza mbio za mita elfu tano. Mshindi ataajiriwa, na atakuja na mtu wa kumsaidia mazoezini, naye ataajiriwa. Mtu mmoja tu.

Siku ya mbio Limi alifika uwanjani hoi, maana jana yake alikuwa amepakia malori mawili ya kokoto. Akajilaza kwenye nyasi akipiga miayo.

"Hapa hatuna mkimbiaji," akasema Masele. Akaokota mawe mawili akayagonga upesi upesi, ule mlio wa machimboni wa kuwaambia watu wakimbie, jiwe linashuka. Limi akaruka wima, damu inachemka.

Lakini mlio ule ukiamsha miguu, huamsha na hofu. Masele hakulifikiria hilo, masikini. Limi akaanza kutetemeka, akatapika, akasema hakimbii.

Mama Nyamizi akamshika mikono. "Mwanangu, hapa hakuna jiwe. Pumua na mimi. Toa pole pole." Wakapumua pamoja mpaka mikono ikatulia na jina lake likaitwa.

Akakimbia vizuri. Ilipobaki mizunguko miwili, msichana mwenye viatu vya misumari akampita, na Limi akajiona si kitu. Alishaanza kupunguza mwendo. Ndekeja, aliyekuwa amesimama kwenye kona, akapaza sauti ambayo hatukuwahi kuisikia: "Limi! Kilima cha machimbo umekipanda miaka sita na karai la mawe kichwani! Huyo hajakipanda hata mara moja!"

Limi akaamini. Akashinda kwa bega.

Sasa wale watatu hawasalimiani, kila mmoja anadai nafasi ile ni yake. Masele anasema, "Bila mimi angekuwa bado amelala."

"Na bila mimi," Mama Nyamizi anamjibu, "ungemrudisha nyumbani anatapika. Moto uliuwasha wewe, nikauzima mimi."

Ndekeja anatazama chini. "Mori alikuwa nao, utulivu alikuwa nao. Na bado alikuwa anashindwa."

Limi alikuja kwangu analia. "Babu, nikimtaja mmoja, wawili nimewazika machimboni." Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Klabu inataka jina kesho asubuhi, la sivyo nafasi inafutwa. Kusema kweli, hasira yangu ni kwa hiyo klabu kuliko kwa wale watatu, lakini hasira haiandiki jina.

Mimi nimeshindwa. Je, wewe ungekuwa Limi, ungemtaja nani? Na wale wawili, wakiinua nyundo zao kesho asubuhi, ungewaaga kwa maneno gani?